Ukungu Ukutani na Nyumba Iko Sokoni: Mwongozo Kamili kwa Wauzaji wa Mwanza

Masika yakianza kupungua, simu zinaanza. "Fundi, nimepaka rangi mara ya tatu sasa. Mnunuzi kaja jana, doa limerudi palepale." Wanaonipigia si wazembe. Wametoa pesa, wamenunua rangi ya bei, wamesugua hadi vidole vikachubuka. Wanashindwa kwa sababu moja: wameanza na rangi, na rangi ni kazi ya mwisho. Ukungu huota penye maji. Maji yakibaki, nao unabaki.

Nasimamia ukarabati wa nyumba upande huu wa ziwa, nyingi zikiwa kwenye miteremko ya Isamilo, Mabatini, Igogo na Bugando. Huu ndio utaratibu ninaoufuata nyumba inapoandaliwa kuuzwa. Tenga miezi miwili au mitatu, na uianze kazi masika yakiisha, kwa sababu Juni hadi Agosti ndiyo miezi ukuta wa Mwanza unakubali kukauka. Kama una wiki mbili tu, soma hatua ya 1 na ya 2, kisha nenda sehemu ya "Kama huna muda wala pesa".

## Andaa hivi kwanza

Vya uchunguzi: tochi, chaki, futi ya kupimia, nailoni inayopitisha mwanga (kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwa kila ukuta unaoushuku), selotepu pana, na simu yenye kamera. Ukipata kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha betri, kitakusaidia sana.

Vya usafi: barakoa ya N95 (ya kitambaa haizuii vumbi la ukungu), glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, ndoo mbili, sabuni ya unga, Jik, brashi ngumu ya plastiki, matambara ya kutupa na mifuko mizito ya taka.

Vya ujenzi: tindo, nyundo, skrepa, brashi ya waya, msasa, saruji, mchanga uliochekechwa, dawa ya kuzuia maji inayochanganywa na saruji, silikoni ya madirishani, praima na rangi. Kundi hili la mwisho usilinunue mpaka umalize hatua ya 2. Nimeingia stoo nyingi zenye ndoo nne za rangi, na mwenye nyumba hajui bado maji yanatoka wapi.

Tafuta pia faili moja la karatasi. Utaona kazi yake mwishoni.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ukungu

Kuna vitu vitatu watu huvichanganya. Ukungu huwa na madoa meusi, ya kijani au ya kijivu, na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Chumvi ni unga mweupe unaochomoza kwenye lipu na kupukutika ukiuparua kwa kucha. Masizi ni weusi wa jikoni na wa chumba kilichopikiwa kwa mkaa.

Dondoshea doa tone la Jik. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, huo ni ukungu. Lisipobadilika, huenda ni masizi au uchafu tu, na sabuni inatosha. Kile cheupe kiache kikavu na ukisugue kwa brashi bila maji, maana ukikilowesha chumvi inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Lakini usikidharau: chumvi ni ushahidi kwamba maji yanapita humo.

Sasa zungushia kila doa mstari wa chaki, andika tarehe pembeni, piga picha. Usisahau ndani ya makabati ya ukutani, nyuma ya vitanda, na juu ya dari. Mstari huu ndio utakaokuambia baada ya wiki mbili kama doa linakua au limesimama.

Umefaulu ukiwa na picha yenye tarehe ya kila doa, na umejua lipi ukungu, lipi chumvi, lipi masizi.

## Hatua ya 2: Tafuta maji yanakotoka

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na kipimo cha nailoni. Futa sehemu ya ukuta iwe kavu juujuu, bandika nailoni, ziba kingo zote nne kwa selotepu, iache saa 48. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta unyevu upande wa nje, unaotazama chumba, hewa ya chumba ndiyo yenye maji. Matibabu ya hayo mawili hayafanani hata kidogo, na ukikosea hapa utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Ikiwa ni ukuta wenyewe, tazama doa limekaa wapi.

### Doa liko chini, linapanda

Kama limeanzia sakafuni na kuishia chini ya mita moja hivi, na juu lina mstari kama alama ya mafuriko pamoja na chumvi, ukuta unavuta maji kutoka ardhini. Ama ile nailoni nyeusi ya juu ya msingi, inayozuia maji ya ardhini yasipande, haikuwekwa, ama imepitwa.

Kupitwa ndiko ninakokukuta zaidi Mwanza. Kila masika mvua inashusha udongo kutoka mlimani na kuurundika nyuma ya nyumba. Mwaka wa kwanza haionekani. Miaka kumi baadaye udongo umepanda juu ya msingi, umeegemea ukuta, na maji yanaingia juu ya nailoni kana kwamba haipo. Toka nje na futi yako. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Ukikuta viko sawa, au nje kuko juu, jibu umelipata.

Angalia pia ule ukuta unaotazama jiwe. Nyumba zetu nyingi zimebanwa kwenye mawe, na maji ya mvua hushuka kwenye nyufa za mawe hata siku mbili baada ya mvua kukatika. Nenda nyuma ya nyumba mvua inaponyesha, jifunike, simama pale dakika ishirini. Hakuna kipimo kinachoshinda macho yako siku hiyo.

### Doa liko juu, au darini

Panda juu ya dari na tochi mchana, ukizima taa. Mwanga unaopenya kwenye bati ni tundu. Kagua misumari iliyolegea, kofia ya paa, na mahali paa linapokutana na ukuta wa juu. Gata zikijaa majani, maji hurudi ndani ya ukuta, na doa hutokea chini kidogo ya dari kama ramani. Dirisha nalo huvujisha: doa lenye pembe chini ya kona ya dirisha linaonyesha kizingiti kimepasuka.

### Doa liko karibu na bafu, sinki au tanki

Jaza tanki usiku, funga koki zote, na ile inayoingiza maji kwenye tanki, soma tarakimu za mita ya maji, na utie alama usawa wa maji kwenye tanki. Mtu asitumie maji mpaka asubuhi. Mita ikiwa imesogea huku tanki likiwa limejaa, bomba linavuja kati ya mita na tanki. Tanki likiwa limeshuka, tafuta kati ya tanki na koki. Bafuni gonga taili kwa kifundo cha kidole: inayolia kama debe tupu ina nafasi chini yake, na huenda maji yanakaa humo.

### Hewa yenyewe

Unyevu wa hewa chumbani ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, ukungu hupata unachohitaji hata bila tundu lolote. Chumba cha nyuma kisichopata jua, kabati lililogandana na ukuta wa nje, nguo zinazoanikwa ndani, sufuria zinazochemka bila dirisha: vyote vinatosha. Nyumba iliyofungwa huathirika zaidi. Nyumba za urithi ambazo wenyewe wako Dar es Salaam au Arusha, zimepigwa kufuli tangu msiba, huwa na ukungu kila kona hata kama paa ni zima.

### Neno kwa nyumba za ufukweni

Ukiwa karibu na ziwa, kwa mfano Luchelele au Nyegezi, maji ya chini yanaweza kuwa ya ziwa lenyewe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana na kuingia kwenye viwanja vilivyozoeleka kuwa vikavu. Kumbuka lilifika wapi kwako, piga picha alama hiyo. Kabla ya kuchimba mtaro wowote, kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mnunuzi makini ataliuliza hilo kabla hajauliza la ukungu.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Doa hili linatokana na maji yanayopita pale." Huwezi kusema hivyo? Usiende hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Kata maji

Udongo uliopanda: uchimbue, uuondoe mpaka ufike sentimita 15 chini ya sakafu. Ni kazi ya vibarua wawili kwa siku mbili tatu, na ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua. Kisha sawazisha ardhi ishuke kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili au tatu za kwanza.

Maji ya mlimani: chimba mtaro kati ya mlima na ukuta, utandike bomba lenye matundu, uujaze mtaro kokoto, uupeleke pembeni ya nyumba. Mtaro usishuke chini ya kitako cha msingi. Wala usichimbe chini ya jiwe ukidhani halitasogea. Jiwe linaloshikiliwa na udongo likikosa udongo linashuka, na chini yako kuna nyumba za watu. Kazi hiyo mpe fundi aliyezoea mawe, tena kiangazi. Hakikisha pia maji hayamwangukii jirani, la sivyo utauza nyumba na kesi ndani yake.

Paa, gata, madirisha na mabomba hayahitaji maneno mengi: badilisha misumari, safisha gata, ziba kizingiti kwa silikoni baada ya kukikausha, mwite fundi bomba.

Kwa hewa, sogeza makabati yaache sentimita 10 kutoka ukutani, fungua madirisha yanayotazamana asubuhi na alasiri, zibua matundu ya hewa yaliyozibwa kwa magazeti kuzuia mbu na badala yake weka wavu. Nyumba ikiwa tupu, mlipe mtu wa kuifungua kila siku.

Umefaulu ikiwa mvua kubwa imenyesha, au umemwagia ukuta wa nje maji ya mpira kwa nusu saa, na mstari wa chaki haujapitwa.

## Hatua ya 4: Safisha ukungu

Eneo likizidi mita moja ya mraba kwa jumla, tafuta watu wa kazi wenye vifaa. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasiwepo ndani siku hiyo.

Zima umeme wa chumba kwenye swichi kubwa kama doa liko karibu na soketi. Funga mlango wa ndani, fungua dirisha la nje, vaa barakoa, glavu na miwani.

Lowesha doa kwanza kwa maji ya sabuni. Ukilisugua likiwa kavu, vumbi la ukungu litapaa na kutua vyumba vingine. Sugua kwa brashi, futa kwa tambara, tambara litupe. Kwenye taili na rangi iliyo ngumu, paka mchanganyiko wa sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 10 za maji, subiri dakika 10, suuza.

Hatari: usichanganye Jik na siki, dawa ya kusafishia choo, wala dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kuivuta.

Lipu iliyolainika, silingibodi na jipsamu iliyoota ukungu havisafishwi. Ukungu umeshaingia ndani, na Jik hufika juu tu. Vikate sentimita 30 zaidi ya doa linapoishia, funga kwenye mifuko, toa nje. Najua inauma kubomoa dari unapotaka kuuza, lakini dari hilohilo ndilo litakalomnukia mnunuzi.

Umefaulu ikiwa hakuna doa wala harufu baada ya chumba kufungwa usiku mzima.

## Hatua ya 5: Acha ukuta ukauke

Ningeweza kumwomba msomaji jambo moja, lingekuwa hili: subiri. Ukuta wa tofali la inchi sita ulioloweshwa miaka miwili haukauki kwa wiki. Ukipaka sasa, rangi itafura kama andazi, na pesa yote ya hatua zilizopita imekwenda.

Fungua madirisha, weka feni ikielekezwa ukutani. Rudia kipimo cha nailoni kila baada ya wiki mbili. Usihesabu siku, nailoni ndiyo ikuambie.

Hatari: usikaushe chumba kwa jiko la mkaa ukiwa umefunga madirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua.

Umefaulu ikiwa nailoni imekaa saa 48 na upande wake wa ndani ni mkavu kabisa.

## Hatua ya 6: Lipu na rangi

Piga lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji pale ulipobomoa. Iache wiki nne. Fahamu kwamba lipu ngumu kwenye ukuta ambao bado unavuta maji huyasukuma juu zaidi, na doa lililokuwa magotini litatokea kiunoni. Ndiyo maana hatua ya 3 ilikuja mbele.

Kisha praima, halafu rangi ya maji mikono miwili. Rangi ya mafuta iache kwa milango na madirisha. Ukutani inafungia unyevu ndani. Bafuni na jikoni nunua yenye dawa ya ukungu.

## Hatua ya 7: Mweleze mnunuzi, kwa karatasi

Niliwahi kuwepo mtu na mkewe walipokuja kutazama nyumba upande wa Bugando. Mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi wiki hiyohiyo bila kugusa kingine. Mume akauliza hati, akakagua geti na tanki. Mama akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akafungua kabati la ukutani, akaingiza kichwa, akanusa. "Baba, humu kuna maji," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. Wakamshukuru mzee kwa kuwakaribisha, wakaaga. Hawakurudi, na dalali alisema wanunuzi wengine wawili walishaambiwa.

Nyumba nyingine, tatizo lilelile, mama mwenye nyumba aliwapeleka wageni kwenye ukuta wenyewe kabla hawajauliza. "Huu ulikuwa unavuta maji. Picha za zamani hizi hapa. Udongo ulikuwa umefika pale, tumeutoa, mtaro huu hapa. Masika haya yamepita, tazameni." Walipunguza bei kidogo, kama kila mnunuzi anavyofanya. Walinunua.

Faili lako liwe na picha za kabla na baada zenye tarehe, risiti za vifaa, majina ya mafundi na kazi walizofanya, na matokeo ya kipimo cha nailoni. Risiti za EFD zina faida ya pili: mkazi wa Tanzania anayeuza jengo hutozwa na TRA asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha jengo huingia kwenye hesabu kabla ya faida kupatikana.

Ipo na sheria. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa njia ya kuuvunja mkataba. Kupaka rangi juu ya ukungu ili mnunuzi asiuone, huku ukijua upo, kunakaribia mno maneno hayo. Mwambie dalali wako ukweli uleule unaomwambia mnunuzi, maana baadhi yao huahidi mambo wasiyoulizwa.

## Kama huna muda wala pesa

Uza ilivyo. Fanya hatua ya 1 na ya 2 ili ujue chanzo, safisha kwa usalama, pata makadirio ya fundi kwa maandishi, uyaweke mezani pamoja na bei iliyopunguzwa. Usipake rangi. Mnunuzi mwenye fundi wake hupendelea ukuta unaoonekana ulivyo, na punguzo hilo mara nyingi ni dogo kuliko lile atakalolidai akigundua mwenyewe.

## Hatua ya 8: Siku ya makabidhiano

Mwombe wakili aandike kwenye mkataba kwamba nyumba ilikuwa na unyevu, mahali gani, nini kimefanyika, na kwamba mnunuzi ameonyeshwa. Nyote wawili mtie sahihi kwenye nakala za picha.

Kisha mtembeze nyuma ya nyumba. Mwonyeshe mtaro unapoanzia na unapotokea, na mahali udongo unaposhukia. Mwachie chepe. Mwambie Septemba ya kila mwaka, kabla vuli haijaanza, autoe udongo uliorundikana na kuzibua mtaro mpaka kwenye kokoto.